IL-10 rikombinanti haishushi TNF kwenye PBMC, na visima vya IL-10 pekee vinatoa TNF

benchi_la_seli

Wakuu salaam. Naomba msaada wenu kwenye jaribio hili.

Tunapima uwezo wa IL-10 ya binadamu (protini inayopoza mchochota) kuzuia TNF (protini inayochochea mchochota) kwenye monosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) zilizochochewa kwa LPS (endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria). PBMC (seli nyeupe zenye kiini kimoja, zikiwemo monosaiti) zinatenganishwa kwa Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli, kutoka damu ya heparini, kisha zinawekwa 200,000 kwa kila kisima, ujazo wa mikrolita 200, RPMI (midia ya kukuzia seli) yenye seramu ya ndama 10%. IL-10 inaingia kwa 1, 10 na 100 ng/ml, nusu saa baadaye LPS 1 µg/ml, na baada ya saa 24 tunavuna maji ya juu kwa ELISA (kipimo cha protini kinachotumia kingamwili) ya TNF.

IL-10 ni rikombinanti, yaani imezalishwa kwa jeni iliyopandikizwa kwenye E. coli, na ilifika ikiwa unga, kichupa cha mikrogramu 10. Itifaki iliyopo inasema iyeyushwe kwa PBS (bafa ya chumvi na fosfeti) yenye BSA (albumini ya ng'ombe, kibebeo cha protini) 0.1% hadi ifike 1 µg/ml, hiyo ndiyo iwe stoki, ikae kwenye friza ya −20 na kutolewa kila inapohitajika. BSA ni ileile inayotumika kuzibia sahani za ELISA. Friza ni ya kawaida, ya aina inayojiyeyusha barafu yenyewe.

Matokeo ni haya. LPS pekee inatoa TNF nyingi, kama ilivyotarajiwa. LPS pamoja na IL-10 inashuka kidogo tu, haifiki hata robo, na 100 ng/ml haina tofauti na 10. Kinachotushangaza zaidi ni visima vya IL-10 bila LPS: kwa 1 ng/ml hakuna kitu, kwa 10 TNF inaonekana, kwa 100 ni nyingi. Seli tupu hazitoi TNF.

Je, IL-10 yenyewe inaweza kuchochea TNF kwenye monosaiti? Au protini tuliyouziwa ni mbovu? Kuna pendekezo la kununua nyingine iliyozalishwa kwenye seli za HEK293 (seli za binadamu), lakini bei yake ni kubwa, ndiyo maana nauliza kwanza.

---

fundi_protini

Mkuu, usinunue bado. Soma kwanza visima vya IL-10 bila LPS, maana humo ndimo jibu lilipo.

IL-10 haichochei TNF kwenye monosaiti. TNF inayopanda kadiri dozi inavyopanda, bila LPS uliyoweka wewe, ni dalili ya endotoksini iliyoingia pamoja na protini. Lakini kuna jambo la pili hapo ambalo wengi hulipita. Kama IL-10 ingekuwa hai, ingezima yenyewe sehemu kubwa ya TNF inayoletwa na uchafu wake. Kwa 100 ng/ml monosaiti imeshiba IL-10 kabisa. Kwa hiyo TNF nyingi kwenye kisima hicho inakuambia mambo mawili kwa pamoja: endotoksini ipo, na IL-10 yako kwa sehemu kubwa haifanyi kazi. Endotoksini inavumilia joto, kugandishwa na kukaa muda mrefu. Protini haivumilii. Ndiyo maana kichupa kilichozeeka vibaya hugeuka kutoka dawa ya kupoza mchochota na kuwa kichochezi chake.

Sasa tupige hesabu ya endotoksini imetoka wapi. Vyeti vingi vya protini za E. coli husema chini ya 1 EU (uniti ya endotoksini) kwa mikrogramu, na 1 EU ni takriban ng 0.1 ya LPS. Ukiweka IL-10 10 ng/ml, unaingiza LPS isiyozidi 1 pg/ml. Hiyo ni ndogo mno kwa monosaiti nyingi. Kwa kawaida huanza kuitika kwenye makumi ya pg/ml, na zile nyeti zaidi huitika hata chini kidogo ya hapo. Wewe unapata TNF kwenye 10 ng/ml. Basi chanzo kikuu huenda si protini.

Angalia BSA. Stoki yako ni 1 µg/ml ndani ya BSA 0.1%, yaani BSA 1 mg/ml. Kupata IL-10 100 ng/ml unazimua mara 10 tu, kwa hiyo kisima kinapokea BSA 100 µg/ml. BSA ya kuzibia sahani haijasafishwa kwa ajili ya seli na inaweza kubeba endotoksini nyingi. Kama stoki ingekuwa 100 µg/ml ndani ya BSA hiyohiyo, ungezimua mara 1,000 na kisima kingepata BSA 1 µg/ml, pungufu mara 100. Stoki dhaifu ndiyo imeubeba uchafu wa kibebeo hadi kwenye seli.

Kuhusu kufa kwa IL-10: inafanya kazi ikiwa jozi ya molekuli mbili, kila moja kama kDa 18.6, na zimeshikana bila bondi ya salfa baina yao. Asidi huzitenganisha, na moja ikibaki peke yake haifanyi kazi. Sasa kumbuka PBS ya sodiamu inapoganda polepole: fosfeti yenye sodiamu mbili hutangulia kujitenga kama fuwele, na kimiminika kinachobaki kati ya barafu kinakuwa na asidi, pH inashuka kwa vipimo kadhaa. Friza inayojiyeyusha inapasha na kugandisha tena kila mara hata kama hujaifungua. Kila mzunguko unairudisha protini kwenye hali hiyo, na ukiongeza kutoa na kurudisha kichupa kilekile, sishangai kwamba kilichobaki ni kidogo.

HEK293 haitakusaidia hapa. IL-10 ya binadamu kiasili haina sukari juu yake, kwa hiyo ya E. coli iliyokunjwa vizuri inafanya kazi sawasawa. Na kuzalishwa kwenye seli za mamalia si hakikisho la kukosa endotoksini, maana maji, resini na bafa zinaweza kuiingiza baadaye.

---

kisima_H12

Naafiki hoja ya fundi. Naongeza mpangilio wa sahani, kwa sababu ulio nao sasa hauwezi kutenganisha hayo mambo mawili.

Kontroli inayokosekana ni bafa tupu: PBS yenye BSA ileile, izimuliwe kwa uwiano uleule wa kila dozi, bila IL-10. Ikitoa TNF, kesi ya BSA imekwisha. Ya pili ni IL-10 iliyopikwa: chukua sehemu ya stoki, 95 °C kwa dakika 30 kwenye tyubu iliyofungwa vizuri, poza, iingize kwa dozi zilezile. Joto hilo linaiharibu protini lakini LPS linaiacha. IL-10 iliyopikwa ikitoa TNF sawa na isiyopikwa, unachokipima ni LPS. Ikitoa TNF *zaidi* ya isiyopikwa, basi isiyopikwa bado ina IL-10 hai kiasi inayojizuia, na hiyo ni taarifa nzuri kuijua.

Ya tatu ni polimiksini B, inayonasa LPS, kwa 10 µg/ml, lakini iende kwenye visima vya IL-10 pekee. Usiiweke kwenye visima vya LPS, itakunywea kichochezi chako na utadhani IL-10 imefanya kazi.

Nyingine: punguza LPS. 1 µg/ml ni nyingi kupita mahitaji. TNF inakuwa imefika kileleni na dirisha la kuona kizuizi linakuwa finyu. Anza na 1 hadi 10 ng/ml. Halafu saa 24 si wakati mzuri wa TNF. Kwenye PBMC inafika juu mapema, saa 4 hadi 6, kisha sehemu yake huanza kushikwa na vipokezi vilivyokatwa kutoka kwenye seli. Vuna saa 6 kwa TNF na saa 24 kwa IL-6 (protini nyingine ya mchochota), kwenye visima tofauti. IL-10 ikiingia nusu saa hadi saa moja kabla ya LPS, sawa. Ikiingia saa kadhaa baada ya LPS, TNF imeshatoka na hakuna cha kuzuia.

Tena usijaribu kupima IL-10 ya seli zenyewe kwenye visima ulivyoweka IL-10 rikombinanti. ELISA haitofautishi hizo mbili.

---

darubini_na_mwanga

Kuna njia ya haraka ya kujua kama IL-10 iko hai bila kungoja TNF wala kuhangaika na LPS: pima STAT3 (protini inayopeleka ishara ya IL-10 ndani ya seli) iliyofosforiliwa kwenye tairosini 705. IL-10 ikishika kipokezi, vimeng'enya JAK1 na TYK2 vinaamka na STAT3 inafosforiliwa ndani ya dakika chache.

PBMC zipumzike saa moja kwenye RPMI, 37 °C. Weka IL-10 10 ng/ml, dakika 15 hadi 20, basi. Kwa saitometri (kupima seli moja moja kwa mwanga), zuia papo hapo kwa fomaldehaidi ya mwisho 1.6%, dakika 10 joto la chumba, osha, kisha methanoli baridi 90% kwenye barafu dakika 30 kabla ya kingamwili. Baadhi ya kingamwili za CD14 (alama ya monosaiti) zinapoteza mwanga kwenye methanoli, kwa hiyo zijaribu kabla ya kutumia damu ya thamani. Kwa Western (kutambua protini iliyotenganishwa kwenye jeli), tumia bafa ya kuyeyushia seli yenye vizuizi vya fosfatasi na utafute mstari karibu na kDa 88 na 79.

Usivuke nusu saa. LPS haiamshi STAT3 moja kwa moja, lakini inazifanya seli zitoe IL-6 na IL-10 zao wenyewe, nazo zinaiamsha STAT3 baadaye, kuanzia kama saa moja na kuendelea. Ukipima saa 2, stoki iliyokufa lakini yenye endotoksini itaonekana hai. Kwa dakika 15 huwezi kudanganyika.

Kama hamna kingamwili za STAT3, pimeni CD163 juu ya monosaiti baada ya saa 24 hadi 48 na IL-10 pekee. IL-10 inaipandisha. LPS mwanzoni inaifanya ikatike kutoka kwenye seli, lakini baadaye IL-10 ya seli zenyewe inaweza kuipandisha tena, kwa hiyo hapo linganisheni na IL-10 iliyopikwa.

Swali moja kwa mleta mada: kichupa kimeandikwa cha binadamu au cha panya? IL-10 ya binadamu inafanya kazi kwenye seli za panya, lakini ya panya haifanyi kazi kwenye seli za binadamu. Ni herufi moja tu kwenye lebo.

---

benchi_la_seli

Nawashukuru sana. Lebo ni ya binadamu, nimehakiki.

Nina maswali mawili. Kwanza, kichupa kipya kikifika niyeyushe vipi hasa? Kuna mwenzetu anayetumia HCl 4 mM kuyeyushia TGF-β (protini nyingine ya kupoza mchochota) na anapendekeza tufanye hivyo kwa zote ili itifaki iwe moja. Pili, tunataka kuthibitisha kwamba kizuizi kinatokana na IL-10 kweli. Tununue kipokezi mumunyifu IL-10R1, IL-10R2 (sehemu mbili za kipokezi cha IL-10), au kingamwili ya kuzuia?

---

fundi_protini

HCl usiiguse kwa IL-10. TGF-β1 ni jozi iliyofungwa kwa bondi ya salfa, kDa 25, inavumilia asidi vizuri. Kwenye pH ya kawaida haiyeyuki vizuri na inang'ang'ania plastiki, ndiyo maana inayeyushwa kwa HCl 4 mM yenye BSA 1 mg/ml. IL-10 ni kinyume chake kabisa: asidi ndiyo inayoivunja. Itifaki moja kwa protini zote haiwezekani, kila moja ifuate karatasi yake. Nyingine zinataka maji tu, kwa sababu chumvi na bafa tayari zimo kwenye unga.

Kwa kichupa chako cha µg 10: kiache kifike joto la chumba kikiwa kimefungwa, ili unyevu wa hewa usiingie. Kizungushe kwenye sentrifyuji kwa sekunde 30, maana unga ni mchache mno, hauonekani, na mara nyingi umekaa kwenye kifuniko. Kifuniko kikitupwa na protini imekwenda. Tia mikrolita 100 za PBS safi yenye BSA 0.1%, na BSA iwe ya daraja la seli yenye kiwango cha chini cha endotoksini. Usiitikise kwa mashine. Zungusha kichupa kwa mkono taratibu ili kimiminika kipite kwenye kuta zote, kiache dakika 15 hadi 20, rudia. Sasa una 100 µg/ml.

Gawa kwenye tyubu kumi zisizoshika protini, mikrolita 10 kila moja, yaani µg 1 kwa tyubu. Usishuke chini ya mikrolita 10 kwa tyubu, uso wa plastiki unakuwa mkubwa kulinganisha na kimiminika. Gandisha haraka, kwa barafu kavu na ethanoli kama ipo, kisha −80. Kugandisha haraka kunapunguza lile tatizo la fosfeti. Kama −80 haipo, −20 isiyojiyeyusha. Tyubu ikishayeyuka haigandi tena: inakaa 4 °C na kutumika ndani ya wiki.

Siku ya jaribio: mikrolita 10 ndani ya 990 za RPMI yenye seramu ni 1 µg/ml. Kutoka hapo, 20 ndani ya 980 ni 20 ng/ml. Mikrolita 100 za hiyo kwenye kisima cha ujazo wa jumla wa mikrolita 200 ni 10 ng/ml. Usipitishe kwenye kichujio cha µm 0.22 baada ya kuzimua, utando unanyonya protini kwenye ukolezi mdogo namna hiyo. Kama lazima uchuje, chuja bafa kabla ya kuitia kwenye kichupa.

Umeme ukikatika: unga kwenye −20 haujali saa chache, hata siku chache za joto la chumba njiani haziuui. Kilicho hatarini ni stoki iliyoyeyushwa. Kwa hiyo kama friza yenu haiaminiki, nunueni vichupa vidogo vya µg 2 au 5 na mviache vikiwa unga hadi wiki ya jaribio. Bei kwa mikrogramu inapanda, lakini hampotezi kichupa kizima kwa usiku mmoja.

---

kisima_H12

Kuhusu kipokezi: IL-10R2 acha. Peke yake inaishika IL-10 kwa udhaifu mno, kazi yake ni kujiunga baada ya R1 kushika. Chaguo ni IL-10R1 mumunyifu au kingamwili dhidi ya IL-10R1. Ningeanza na kingamwili, kwa sababu inaziba mlango kwenye seli na haihitaji kukimbizana na kila molekuli ya IL-10.

Mkichagua R1 iliyounganishwa na Fc (mkia wa kingamwili), pigeni hesabu kwa moli, si kwa uzito. IL-10 10 ng/ml, jozi ya kDa 37, ni takriban 0.27 nM. Ukitaka kipokezi mara 50 ni 13.5 nM, na R1-Fc ikiwa karibu kDa 120 kwa jozi, ni kama 1.6 µg/ml. Mtu akiweka kipokezi "10 ng/ml sawa na IL-10" hataona chochote, na atalaumu kipokezi. Changanya IL-10 na kipokezi bila seli kwa dakika 30 hadi 60 kwenye 37 °C, ndipo uongeze kwenye seli.

Kontroli mbili hazikwepeki. Monosaiti zina vipokezi vya Fc, kwa hiyo weka Fc ya IgG1 tupu kwa moli zilezile. Halafu weka LPS pamoja na kizuizi *bila* IL-10 uliyoongeza. Seli zinazopata LPS hutengeneza IL-10 yao na kujizuia, kwa hiyo ukiziba njia hiyo TNF au IL-6 itapanda kupita kiwango cha LPS pekee, hasa kwenye mavuno ya saa 24. Bila kisima hicho utadhani umebatilisha IL-10 yako kwa asilimia zaidi ya mia.

---

darubini_na_mwanga

Kwa watakaosoma uzi huu wakitumia protini nyingine za kundi hili: hesabu ya kipokezi haihamishiki kutoka protini moja hadi nyingine.

IL-1Ra, kizuizi cha IL-1 (protini ya mchochota), inashika kipokezi cha IL-1 bila kuamsha chochote, lakini seli inaitika hata vipokezi vichache tu vikishikwa na IL-1. Ndiyo maana IL-1Ra lazima izidi IL-1 kwa mara 10 hadi 100, na kwa baadhi ya seli zaidi ya hapo. Dawa ya anakinra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ni IL-1Ra hiyohiyo ya E. coli yenye methionini moja ya ziada mwanzoni, na kwa benchi inaweza kutumika kama kipimo cha kulinganisha. Kwa TNF, kipokezi mumunyifu kimoja kimoja ni dhaifu, kinashika na kuachia. Kilichounganishwa na Fc kina mikono miwili na kinazuia vizuri zaidi kwa mbali. Dawa ya etanercept, ya mwaka 1998, imejengwa hivyo kwa TNFR2 (kipokezi kimojawapo cha TNF).

Kwa TGF-β, tatizo kubwa kuliko kichupa ni seramu. Seramu ya ndama ina TGF-β yake, kiasi kikubwa ikiwa imelala, na TGF-β1 ya ng'ombe iliyokomaa ni sawa na ya binadamu, hivyo ELISA inaipima pia. Tumieni midia isiyo na seramu, au angalau pimeni midia tupu.

Na kuhusu kipimo cha endotoksini cha LAL, kama mtakipeleka kichupa kikapimwe: ombeni kiongezewe endotoksini ya kujulikana na irudi kati ya 50% na 200%. BSA na protini nyingine zinaweza kuificha, na majibu ya "haipo" bila hiyo nyongeza hayana uzito. Upande wa pili, glukani (minyororo ya sukari) kutoka vichujio vya selulosi zinaweza kuamsha LAL bila endotoksini kuwepo. Kipimo cha faktori C rikombinanti hakina tatizo hilo.

---

benchi_la_seli

Nimeelewa. Tunaanza na bafa tupu na IL-10 iliyopikwa kutoka kwenye stoki hii hii kabla ya kuitupa, STAT3 dakika 15, LPS 5 ng/ml, mavuno saa 6 na 24. Kwa oda mpya, nimwombe muuzaji nini?

---

fundi_protini

Cheti cha namba ya toleo mtakayotumiwa, si karatasi ya jumla ya bidhaa. Ndani yake tafuta endotoksini, ikipatikana chini ya 0.1 EU kwa µg, na ED50 (ukolezi unaotoa nusu ya mwitikio wa juu) pamoja na jina la jaribio. Kwa IL-10 kwa kawaida ni kukua kwa seli za MC/9 za panya pamoja na IL-4. Kama wametoa uniti kwa mg, gawanya milioni moja kwa ED50 ya ng/ml: ED50 ya 1 ng/ml ni uniti 1,000,000 kwa mg, ya 0.5 ni 2,000,000. Namba zisipolingana waulize kwa nini. Uniti hizo ni za muuzaji mwenyewe, usizilinganishe na za kampuni nyingine isipokuwa zote zimepimwa dhidi ya kiwango cha WHO kinachotolewa na NIBSC, maabara ya viwango ya Uingereza.

Kisha chagua yenye kibebeo au isiyo nacho. Kwa seli, yenye BSA ni sawa. Kwa kupaka sahani za ELISA, kuunganisha biotini au kudunga panya, chukua isiyo na kibebeo. Kwenye biotini hasa, BSA itakula karibu lebo yote, kwa sababu ndiyo nyingi kwenye kichupa.